Oili Ipi Yafaa Injini ya Gari Kuukuu?

Mkulima wa skimu hujua thamani ya gari lake kuliko mtu wa mjini. Gari la mtu wa mjini likilala gereji, yeye hupanda matatu akaenda kazini. Gari la mkulima likilala gereji wakati wa maembe, maembe hayangoji. Huiva, huanguka, huoza, na pesa za karo huoza pamoja nayo.

Magari mengi ya kazi katika mashamba yetu ni ya zamani. Kutoka Shimba Hills, skimu iliyoanzwa na serikali katika miaka ya 1950, mpaka Mtwapa na vijiji vya Likoni na Kisauni, wako wakulima ambao bado wategemea Land Rover, Peugeot 404 au 504, lori la Bedford, ama trekta ya Massey Ferguson iliyonunuliwa na baba. Magari hayo hubeba nazi, ndizi, muhogo, maembe na maziwa. Mengine huvuka feri ya Likoni, mengine hushika barabara ya Dongo Kundu kwenda Changamwe, na mengine huteremka kutoka kaskazini mpaka soko la Kongowea.

Wala si magari dhaifu. Peugeot 404 lilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, 1966, 1967 na 1968. Na 504 likashinda mwaka 1975 na 1978, katika barabara za tope na vumbi zilizovunja magari ya watu wengi. Tangu mwaka 2003 yako mashindano mengine, ya magari ya zamani peke yake, ambayo mara nyingi huanzia na kuishia hapa pwani. Humo injini zilizoundwa miaka 50 iliyopita hukimbizwa kwa siku nyingi, na nyingi hufika salama.

Basi injini ya zamani yaweza kudumu. Mara nyingi kinachoiua si umri wake. Huuawa na vumbi, na joto, na oili isiyo yake. Siku hizi maduka ya Magongo, Likoni na Kongowea yamejaa oili za kila namna, na oili iliyo bora kabisa kwa gari lililotoka Japani juzi yaweza kuwa mbaya kwa injini ya mwaka 1965. Tena iliyo ghali si lazima iwe ndiyo ifaayo. Katika makala haya twaeleza jinsi ya kulisoma dumu la oili, ili mkulima achague mwenyewe kwa kujua.

KAZI YA OILI

Watu wengi hudhani oili ni kitu cha kulainisha tu. Kulainisha ni kazi yake ya kwanza, lakini inazo nyingine. Oili hupoza sehemu ambazo maji ya rejeta hayafiki, kama vile beringi za kranki na sehemu ya chini ya pistoni. Huziba nafasi ndogo iliyo baina ya ringi na ukuta wa silinda, ili nguvu ya moto isipotee. Huchukua masizi na uchafu ikaupeleka kwenye filta. Na mwisho, hukinga chuma kisipate kutu, jambo lililo kubwa kwetu tukaao karibu na bahari.

Katika injini inayokwenda vizuri, kranki haigusani kabisa na beringi. Huelea juu ya utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Utando ule ukikatika, chuma husugua chuma, joto hupanda, na injini hunoki. Wenyeji walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Na katika injini, ufa ni utando wa oili, na ukuta ni kranki kupelekwa mjini kuchongwa upya.

Injini za zamani zilifanywa na nafasi kubwa zaidi baina ya vyuma kuliko injini za siku hizi, na pampu zake zilitengenezwa kwa oili nzito ya wakati ule. Ukiweka humo oili nyepesi mno, hupita upesi katika nafasi zile kama maji katika chungio la nazi. Msukumo hushuka, na taa nyekundu ya oili huanza kuwakawaka injini ikiwa moto na gari limesimama. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya kuchagua kwa uangalifu.

NAMBA ZILIZOANDIKWA KWENYE DUMU

Kwenye kila dumu la oili ya injini utaona herufi SAE na namba baada yake. SAE ni jina fupi la chama cha wahandisi wa magari kilichoanzishwa Marekani mwaka 1905, nacho ndicho kilichoweka vipimo vya uzito wa oili. Uzito maana yake si kilo. Maana yake ni jinsi oili inavyotiririka: nyepesi hukimbia, nzito huenda polepole kama asali.

Oili yenye namba moja tu, kama SAE 30, SAE 40 au SAE 50, ni ya daraja moja. Namba ikiwa kubwa, oili ni nzito zaidi injini ikiwa moto. Uzito huo hupimwa oili ikiwa na joto la nyuzi 100, yaani joto la maji yanayochemka.

Oili yenye namba mbili, kama 20W-50 au 15W-40, ni ya madaraja mawili. Si kwamba oili mbili zimechanganywa. Ni oili moja iliyotiwa dawa ambayo hujikunja ikiwa baridi na kujinyoosha ikipata joto, hivyo oili haiwi nyepesi kupita kiasi injini inapochemka. Namba ya mwisho husomwa kama ile ya daraja moja: 20W-50 ikiwa moto ni nzito kama SAE 50, na 15W-40 ni nzito kama SAE 40.

Namba ya kwanza, iliyo na herufi W, ni ya baridi. Na hapa ndipo wakulima wengi wa pwani hupoteza pesa. Oili ya 20W hupimwa katika baridi ya nyuzi 15 chini ya ile inayogandisha maji. Oili ya 5W hupimwa katika nyuzi 30 chini, na ya 0W katika nyuzi 35 chini. Hiyo ni baridi ya nchi za theluji, ambako oili nzito ikilala usiku huganda kama samli, na asubuhi injini haizunguki. Lakini kwetu Mombasa, hata usiku wa Julai na Agosti, joto kwa kawaida halishuki sana chini ya nyuzi 20. Na mchana wa Februari na Machi hupita nyuzi 30. Mtu wa Mtongwe anayelipa zaidi ili apate 0W ananunua kinga ya baridi ambayo hataiona maisha yake yote.

Vitabu vya magari mengi ya Kiingereza na ya Kifaransa ya miaka ya 1950 na 1960 hutaja SAE 30, SAE 40, 20W-40 au 20W-50 kwa nchi za joto. Basi, kitabu cha gari lako ndicho mwalimu wa kwanza. Ikiwa kimepotea, mwulize fundi anayelijua gari la aina yako. Ikiwa hakuna fundi wa namna hiyo, injini ya petroli ya miaka hiyo, iliyo katika hali ya wastani hapa pwani, kwa kawaida hufanya kazi vizuri kwa 20W-50. Injini ya zamani ya dizeli mara nyingi hutumia 15W-40 au SAE 40, kama kitabu kinavyosema.

Oili za 0W-20 na 5W-20 ziache kwa wenye magari mapya. Magari hayo yana nafasi nyembamba sana baina ya vyuma, na oili nyepesi huyasaidia kula petroli kidogo. Kwa Land Rover la zamani ni kama kumpa mpagazi wa magunia viatu vya hariri.

HERUFI ZILIZO KARIBU NA NAMBA

Namba zaeleza uzito. Herufi zaeleza kazi ambayo oili yaweza kufanya. Tafuta neno API, ambalo ni jina fupi la taasisi ya mafuta ya Marekani, kisha soma herufi zinazofuata. Zikianza na S, oili ni ya injini ya petroli. Zikianza na C, ni ya dizeli. Herufi ya pili huonyesha daraja lenyewe: kadiri iendavyo mbele katika alfabeti, ndivyo daraja lilivyo jipya. SA ni ya zamani kabisa, nayo haina dawa yoyote. Hiyo usiinunue kwa gari la kazi. SL ilikuja mwaka 2001, SM mwaka 2004, SN mwaka 2010, na SP mwaka 2020. Kwa dizeli, CH-4 ilikuja mwaka 1998, CI-4 mwaka 2002, na CK-4 mwaka 2016.

Mtu aweza kufikiri kwamba daraja jipya lazima liwe bora kwa kila injini. Kwa mambo mengi ni bora kweli, lakini liko jambo moja ambalo mwenye gari kuukuu yampasa alijue.

Katika injini za zamani, kamshafti husukuma tapeti zilizo bapa, chuma kikisugua juu ya chuma kwa nguvu nyingi. Magari mengi ya sasa yana magurudumu madogo mahali hapo, na msuguano ni mdogo. Kinachozilinda tapeti bapa ni dawa iliyo na zinki na fosforasi, ambayo hufanya ngozi nyembamba juu ya chuma. Lakini fosforasi hiyo huharibu chombo cha kusafishia moshi kilichomo katika bomba la magari mapya. Kwa sababu hiyo kiasi chake kilipunguzwa katika oili nyepesi tangu miaka ya 1990, na kikapunguzwa zaidi kwa daraja la SM la mwaka 2004. Kikomo hicho hakizibani oili nzito za 40 na 50 kama kinavyozibana zile nyepesi.

Hapo mkulima apata faida mara mbili. Akichagua 20W-50 kwa sababu ya joto na nafasi za injini yake, mara nyingi hupata pia dawa zaidi ya kulinda kamshafti. Tena ziko oili za 15W-40 zenye herufi za petroli na za dizeli pamoja, kwa mfano SL/CI-4, ambazo zimewekwa dawa hiyo ya kutosha. Nazo zafaa kwa shamba lenye gari la petroli na trekta ya dizeli, ikiwa vitabu vyote viwili vyakubali uzito wa 15W-40.

OILI INAYOSAFISHA

Oili ya kisasa ina dawa inayofanya kazi kama sabuni. Hushika masizi na kuyaelea ndani yake, ndiyo maana huwa nyeusi baada ya safari chache. Weusi huo usikutie hofu. Ni alama kwamba oili yafanya kazi yake.

Jihadhari, lakini, ukiwa na injini ya zamani sana, hasa ya kabla ya Vita Vikuu vya Pili, au yoyote iliyotumia kwa miaka mingi oili isiyo na sabuni, au iliyolala bandani bila kufunguliwa. Chini ya sampu yake huwa kumekaa tope zito jeusi. Ukiitia ghafla oili yenye sabuni, tope hubanduka, huziba chujio la pampu, na injini hukosa oili ingawa sampu imejaa. Kwa injini kama hiyo, mwambie fundi afungue sampu kwanza, aondoe tope, aoshe chujio, ndipo utie oili mpya. Kisha ibadilishe mapema, baada ya kilomita 500 hivi, na tena baada ya 1,000.

Oili za sintetiki ni nzuri, lakini katika injini kuukuu zenye gasketi zilizochakaa na mihuri ya kamba huweza kuvuja mahali ambapo oili ya kawaida haikuvuja. Mkulima hahitaji kuzilipia. Oili ya kawaida, yenye namba na herufi sawa, ikibadilishwa kwa wakati wake, yatosha.

INJINI ILIYOCHOKA

Injini yako hukueleza hali yake kila siku, ukiitazama. Simamisha gari mahali tambarare, zima injini, ngoja dakika chache, kisha chomoa kijiti cha kupimia oili. Kifute, kirudishe, kichomoe tena. Fanya hivyo kila asubuhi ya siku ya safari.

Oili ikiwa imepungua sana, na moshi wa buluu watoka nyuma, ringi au gaidi za vali zimelika na oili inaungua. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Mara nyingi ni gasketi ya silinda hedi, na hapo usiendeshe hata kidogo. Oili ikiwa imezidi bila kuongezwa, na yanuka petroli, petroli inapita ringi au pampu ya petroli imetoboka. Petroli huifanya oili nyepesi kama mafuta ya taa, nayo huweza kuua beringi kwa safari moja.

Kwa injini inayokula oili lakini bado yavuta, waweza kupanda daraja moja: kama ulitumia 40, jaribu 50. Usipande zaidi ya hapo. Oili nzito kupita kiasi huchelewa kufika juu kwenye kamshafti asubuhi, na huenda pasipopaswa. Tena kumbuka kwamba oili nzito si dawa ya chuma kilicholika. Yakusaidia kumaliza msimu wa maembe tu. Baada ya msimu, weka pesa kando uifungue injini.

Jambo hili likukumbushe pia unapokwenda kununua gari kuukuu. Muuzaji asiye mwaminifu huweza kutia oili nzito sana ili kelele za beringi zisisikike na moshi upungue kwa siku mbili. Chomoa kijiti. Ikiwa oili yavutika kama gundi, na injini tayari ni moto kabla hujafika, mwambie utarudi kesho asubuhi kuiwasha mwenyewe ikiwa baridi. Jambo hili lina uzito zaidi kwa kuwa kanuni za Kenya haziruhusu kuingiza nchini gari lililopita umri wa miaka 8. Magari ya zamani tuliyo nayo ndiyo hayo hayo, na yamepita mikono mingi.

VUMBI, FERI NA KUBADILISHA OILI

Vitabu vingi vya magari ya miaka ile huagiza oili ibadilishwe kila maili 2,000 hadi 3,000, yaani kilomita 3,200 hadi 4,800 hivi. Gari la mkulima lifuate ile namba ndogo, au hata chini yake, kwa sababu kazi yake ni ngumu: mzigo mzito, mwendo mdogo, vumbi jingi. Hata kama halikwenda sana, oili ibadilishwe kila miezi 6, kwa maana hewa ya bahari huingiza unyevu katika injini inayolala. Filta ibadilishwe pamoja na oili. Kutia oili safi juu ya filta chafu ni kuoga na kuvaa nguo zile zile za jasho.

Magari mengi ya zamani, kama Land Rover na trekta za Massey Ferguson, husafisha hewa kwa bakuli la oili lililo karibu na injini. Vumbi hunaswa humo. Bakuli hilo husahauliwa na watu wengi, na vumbi likipita huchanganyika na oili ya injini likawa kama msasa. Wakati wa kiangazi lifungue kila wiki. Ukiona tope limejaa chini, limwage, lioshe, utie oili mpya ya injini mpaka alama. Usipitishe alama, maana oili ya ziada hufyonzwa ndani ya injini.

Jambo jingine ni foleni ya feri. Injini ya zamani yenye kabureta, ikiachwa iungurume kwa muda mrefu bila kwenda, hula petroli nyingi isiyoungua yote. Sehemu yake huteremka kwenye sampu na kuharibu oili, na joto hupanda kwa kuwa hakuna upepo. Ukiona foleni ya Likoni haisogei, zima injini. Ikiwa wahofu haitawaka tena, tatizo lako ni betri au stata, na hilo lina tiba yake.

OILI YA GIA SI OILI YA INJINI

Watu huchanganya mambo haya mawili. Namba za oili za gia zina kipimo chake peke yake: SAE 90 ya gia haina uzito mara mbili ya SAE 40 ya injini. Tazama kitabu kabla ya kutia kitu kwenye gia boksi au difu. Oili za gia za kisasa zenye alama GL-5 zina dawa kali ya salfa ambayo huweza kula shaba na bronzi zilizomo katika gia boksi nyingi za zamani. Kwa hizo GL-4 ndiyo salama zaidi.

Peugeot 403 na 404 zina mambo yake. Gia boksi zake hutumia oili ya injini, na difu zake nyingi zina gurudumu la bronzi linalozungushwa na parafujo ya chuma, nalo lilitaka oili maalumu iliyotengenezwa kwa mafuta ya mbarika. Mbarika ndio ule ule uotao nyuma ya nyumba zetu. Hata jina la kampuni ya Castrol latokana na jina la Kiingereza la mafuta hayo. Lakini usikamue mbarika wa shambani ukatia kwenye difu: mafuta ya kiwandani yamesafishwa na kutiwa dawa, na ya nyumbani huganda yakawa kama gundi. Mwulize fundi wa Peugeot oili ifaayo difu ya bronzi.

NAMNA YA KUNUNUA

Wengi wa rika la wazee wa Changamwe waliuona mtambo wa kusafishia mafuta ulioanza kazi mwaka 1963 na kuacha kusafisha mafuta ghafi mwaka 2013. Kazi yake kubwa ilikuwa petroli, dizeli na mafuta ya taa. Oili ya injini ni kitu kingine: mafuta yake ya msingi huletwa kutoka nje, kisha huchanganywa na dawa kwa kipimo. Ubora wa oili umo katika mchanganyo huo, nao hauonekani kwa macho wala kwa kusugua katikati ya vidole. Ndiyo maana walaghai huweza kuchuja oili chafu, kuitia rangi na kuiuza katika dumu zuri. Kinga yako ni kuuliza maswali, kama mzee huyu katika duka la vipuri:

MUUZAJI: Shikamoo mzee. Nikupe nini leo?

MKULIMA: Marahaba mwanangu. Nataka oili ya Land Rover ya petroli.

MUUZAJI: Chukua hii 0W-20. Ni ya kisasa, wenye magari mapya wote huichukua.

MKULIMA: Waache waichukue. Kitabu changu chasema 20W-50. Unayo?

MUUZAJI: Ninayo, mzee. Iko hii, na iko hii nyingine ya bei nafuu, ila haina jina.

MKULIMA: Isiyo na jina nitamdai nani ikiniharibia injini? Nipe yenye jina. Nione kwanza herufi zake, muhuri wa kifuniko, na alama ya Shirika la Viwango. Tena uniandikie risiti.

Ukimaliza dumu, litoboe au ulikate. Dumu zima lenye jina zuri ndilo walitafutalo walaghai.

Na ukipungukiwa njiani, usiogope kuongeza oili ya kampuni nyingine iliyo na namba na herufi zile zile. Oili za injini za kawaida huchanganyika bila madhara. Kuendesha bila oili ya kutosha ni hatari kubwa kuliko kuchanganya majina.

OILI CHAFU

Oili iliyotolewa katika injini ina sumu. Ikikaa juu ya ngozi mara kwa mara kwa miaka huweza kuleta saratani. Basi osha mikono kwa sabuni, wala usifute kwa petroli. Usiimwage shambani wala mtaroni. Katika sehemu nyingi za Kisauni na pwani ya kusini, chini ya udongo mna mwamba wa matumbawe wenye matundu, na kinachomwagwa juu leo hushuka upesi mpaka kwenye maji ya kisima. Oili kidogo huharibu maji mengi. Irudishe ndani ya dumu, ifunge, uipeleke gereji au kituo cha petroli kinachokusanya oili chafu. Wale wanaopaka nguzo ili kuzuia mchwa wasifanye hivyo karibu na kisima, wala katika zizi ambamo ng'ombe huramba nguzo.

MAMBO YA KUKUMBUKA

1. Fuata kitabu cha gari kwanza, fundi wa gari hilo pili, muuzaji mwisho.
2. Kwa joto la pwani, namba ya mwisho ina maana kuliko ile ya W.
3. Herufi S ni petroli, C ni dizeli. Usitumie SA.
4. Injini yenye tope la zamani isafishwe sampu kabla ya kutiwa oili yenye sabuni.
5. Oili ya kawaida iliyobadilishwa mapema, pamoja na filta, yashinda oili ya ghali iliyochelewa.
6. Tazama kijiti kila siku ya safari.

Baada ya kuchagua, chukua brashi na rangi nyeupe, uandike ndani ya boneti: namba ya oili, herufi zake, na kilomita ambazo oili itabadilishwa tena. Halafu hata siku wewe umeugua na kijana wako ndiye anayepeleka maembe Kongowea, atajua la kutia.